Land Rover Yetu Yarudishiwa Madigadi Zake

Kutoka kwa fundi wa karakana, mashamba ya chai, magharibi ya Uganda

Mwezi wa Aprili 2017, wiki ya pili ya mvua, mama mmoja mchuma chai alikuwa akitembea pembeni mwa barabara ya murram ndani ya shamba letu, kikapu cha majani mgongoni, anakwenda kwenye mizani. Land Rover ya shamba ikampita. Haikumgusa. Lakini jiwe la ukubwa wa yai la kuku liliruka kutoka kwenye tairi la mbele likampasua juu ya jicho la kushoto. Dereva alisimama, akamfunga kitambaa, akamkimbiza zahanati kwa gari lile lile. Alishonwa nyuzi saba. Jicho, kwa bahati, halikudhurika.

Kesho yake asubuhi dereva alipewa barua. Barua ilisema kwamba ameendesha kwa uzembe, kwamba alizidi mwendo wa kilomita 30 kwa saa unaoruhusiwa shambani, na kwamba mshahara wake utakatwa kwa miezi mitatu ili kulipa gharama za zahanati pamoja na kioo cha mbele ambacho nacho kilipasuka kwa jiwe wiki mbili kabla.

Ndugu wafanyakazi, dereva huyo sote tunamwita Mzee. Wakati huo alikuwa ameendesha magari ya shamba kwa miaka ishirini na sita. Alipoletewa barua ile hakugombana na mtu. Alikuja karakana, akakaa juu ya ngoma ya mafuta, akaniambia, "Fundi, mimi saa yangu ya mwendo ilikuwa inasoma thelathini. Sijui niseme nini." Nikamwambia asitie sahihi mahali popote mpaka aonane na katibu wa tawi.

Gari lenyewe

Yatupasa kwanza kulieleza gari. Ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya lita 2.5, ile wanayoiita 300Tdi. Aina hii ya gari asili yake ni ya mwaka 1948, ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na Uingereza chuma kilikuwa haba, bali alumini ilikuwapo. Kwa hiyo watengenezaji wa Solihull walifanya chesisi ya chuma, na mwili wa gari wakaufanya wa mabati ya alumini iliyochanganywa na magnesi, mengi yake ya kunyooka, yaliyofungwa kwa bolti. Ndiyo maana hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani tarehe 29 Januari 2016, fundi wa kijijini mwenye spana, nyundo na subira aliweza kulifungua karibu lote na kulirudisha. Madigadi ya mbele haichomelewi. Imefungwa kwa bolti kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, kwenye fremu ya mbele inayoshika rejeta, na chini karibu na mlango. Basi.

Meneja mmoja aliyekuwapo kabla ya haya alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari. Simlaumu kwa kupenda. Ila alilichukua gari la shamba akalipeleka mjini kwa mafundi wa chuma, wakamtolea madigadi za kiwandani na kumfungia nyingine za kutengeneza kwa mkono: bati bapa la chuma lililopakwa zinki, fupi, limekatwa juu sana, mfano wa rafu ya dukani, ili matairi makubwa yapate nafasi ya kucheza. Matairi ya kawaida ya gari lile ni 7.50 ya inchi 16, yenye kimo cha sentimita 81 hivi. Yeye aliweka ya inchi 35, yaani sentimita 89, tena juu ya rimu pana zinazosukuma gurudumu nje. Kwenye mashindano, ambako hakuna mtu anayetembea kando na kikapu, pengine ni jambo la maana. Gari hupanda miamba bila kugonga bati.

Meneja akahama. Gari likabaki, likapewa kazi ya shamba: kubeba wagonjwa, dawa za huduma ya kwanza, vipuri vya kiwandani, na wasimamizi. Hakuna aliyeuliza kama limefaa kwa kazi hiyo. Hata mimi sikuuliza, na jambo hili nimelisema mkutanoni mbele ya wenzangu. Nililihudumia miezi kumi na minne, nikibadilisha oili na kupiga grisi, nikiona tairi limechomoza nje ya madigadi, nikapita.

Shuka

Katibu wa tawi letu ni mtu wa kiwandani, wa mashine za kukausha majani, si wa magari. Aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kuonyesha, au unasema tu?" Maana ofisini ukisema tu, nao watasema.

Tukaanza na saa ya mwendo. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, tukalisukuma gari hadi tairi lizunguke mara moja kamili, tukapima. Tairi kubwa lilikwenda mita 2 na sentimita 70. Kisha tukafanya hivyo kwa gari la pili la shamba, lenye matairi ya kawaida ya aina hiyo hiyo: mita 2 na sentimita 45. Saa ya mwendo ya Land Rover huhesabu mizunguko ya mtambo chini ya gari, haijui tairi lina ukubwa gani. Kwa hiyo inaposoma 30, gari lenye matairi yale linakwenda 33. Mzee alisema kweli, na msimamizi aliyedai kwamba mwendo ulizidi alisema kweli pia. Aliyewagombanisha ni tairi.

Pamoja na hayo, tairi likikua, breki zinapata kazi zaidi kusimamisha gari lile lile, kwa kuwa gurudumu limepata mkono mrefu wa kushindana nazo. Na rimu ikisukumwa nje, beringi za gurudumu hubeba mzigo kwa upande. Nilifungua gurudumu la mbele la kulia mbele ya katibu, nikamwonyesha beringi iliyobadilishwa miezi mitano tu nyuma, imekwisha kuchubuka.

Halafu likaja suala la mawe. Nilipima kwa rula kutoka ukingo wa madigadi hadi upande wa nje wa tairi: sentimita tisa za mpira zikiwa wazi kabisa. Mbele, bati lilikatwa juu ya nusu ya tairi, na nyuma ya gurudumu hapakuwa na kitu cha kuzuia. Madigadi, jamani, si pambo. Tairi linapozunguka kwenye matope huokota udongo na kokoto na kuzirusha kufuata mzunguko wake, na kazi ya madigadi ni kuzipokea na kuziangusha chini. Ikiondolewa, vitu hivyo vinakwenda vitakako: mbele kwenye kioo, nyuma kwenye mlango, kando kwa mpita njia.

Nilichukua shuka nyeupe kuukuu nyumbani (mama watoto aliuliza maswali mengi), tukaitundika kati ya miti miwili pembeni mwa barabara, mita mbili kutoka njia ya gurudumu, yaani pale pale ambapo wachumaji hutembea. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mzee akapita na gari, saa ikisoma 20 tu. Shuka ilipigwa matope hadi kimo cha kifua cha mtu, na kokoto moja iliitoboa. Tulipita mara tatu. Afisa wa shamba, ambaye tulimwalika makusudi, alisimama akatazama, hakusema neno. Katibu alimpa kalamu wakatia sahihi zao kwenye pindo la shuka, na tarehe.

Shuka hiyo tuliibeba mpaka ofisini ikiwa mbichi vile vile.

Ofisini

Sitasimulia maneno yote yaliyosemwa. Upande wa mwajiri walishikilia kwamba dereva ndiye mwenye wajibu wa gari analoendesha. Katibu alijibu kwamba dereva hakuchagua matairi wala hakukata bati. Akaweka mezani Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, ambayo inaweka mipaka ya makato ya mshahara, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, inayomtwika mwajiri jukumu la kuweka vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Kuhusu yule mama, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mwajiri moja kwa moja mtu anapoumia akiwa kazini, na kubeba majani kupeleka kwenye mizani ni kazi, si matembezi.

Kilichowalainisha, nadhani, si sheria pekee. Ni shuka. Ilikuwa inachuruza tope juu ya zulia.

Tulikubaliana hivi: makato yasimame hadi uchunguzi uishe, gari lisitoke tena na matairi yale, karakana ipewe siku tatu kulirudisha katika hali yake ya kiwandani. Fedha ya kununua matairi ya kawaida na rimu zake itoke katika kuuza yale makubwa. Na kweli yalipata mteja upesi, tena kwa bei nzuri. Wapenda mashindano hawajaisha.

Kutafuta madigadi za zamani

Hapa ndipo watu walipocheka. Madigadi za asili zilipotolewa zilirudishwa shambani, zikatupwa nyuma ya ghala. Ya kushoto haikuonekana kamwe. Wengine wanasema iliuzwa kwa watengeneza masufuria, kwani alumini ina bei. Ya kulia tuliipata nyumbani kwa mlinzi wa ghala, imefanywa paa la banda la kuku. Ilikuwa nzima, ila imechafuka. Mlinzi hakukataa kuitoa, lakini aliuliza, kwa haki yake, kuku walale wapi.

Ya kushoto tuliinunua kuukuu Kampala, Ndeeba, kutoka kwa gari lililokatwa vipande. Ni nyekundu. Gari letu ni kijani. Nawaonya wenzangu mafundi: unapokwenda kununua, peleka vipimo na picha ya upande wa injini, maana madigadi moja ina tundu la kuvutia hewa ya injini ubavuni, na zipo zenye nafasi tofauti. Ukileta isiyo yake utakata na kuziba, na utakuwa umerudi pale pale tulipotoka.

Kwa habari ya tundu hilo, tuligundua kosa jingine. Wale waliofunga madigadi za chuma waliacha bomba la hewa likielekea ndani ya nafasi ya gurudumu, bila kinga. Chujio la hewa lilikuwa limejaa tope lililokauka kama tofali. Moshi mweusi ambao Mzee alilaumiwa kwamba "anakanyaga mafuta ovyo" ulitoka hapo.

Siku tatu za kazi

Usiku wa kwanza tulizimwagia bolti zote dizeli iliyochanganywa na oili laini, tukaziacha zilale. Asubuhi kwanza tulifungua waya wa betri. Hili nalisema kwa vijana: taa za mbele, indiketa na taa ndogo zote zimo katika uso wa madigadi, na ukivuta bati kabla ya kukata umeme, cheche itakutafuta. Kila waya tulioutoa tuliufunga karatasi yenye namba. Wale wa kabla yetu walikuwa wameunganisha nyaya kwa kusokota na kufunga utepe, na waya wa kurudisha umeme waliubana kwenye bati kwa skrubu moja iliyokwisha kuota kutu. Ndiyo sababu taa ya kulia ilikuwa hafifu siku zote.

Madigadi ya chuma ilihitaji watu wawili kuibeba. Ya alumini kijana mmoja aliibeba kichwani akipiga mluzi.

Kazi ngumu ilikuwa vipande vya pembe vya chuma vilivyochomelewa kwenye fremu ya mbele kushikilia yale mabati. Ilibidi vikatwe kwa grainda na mabaki yake kuchomwa kwa gesi. Na hapa tulifanya kosa ambalo lazima nilieleze. Chuma kile kilikuwa na zinki. Zinki ikiunguzwa hutoa moshi mweupe, na ukiuvuta, jioni unatetemeka kama mwenye malaria: homa, kiu, kichwa, mwili kuvunjika. Tulifanya kazi ndani kwa sababu ya mvua, mlango umefungwa nusu. Kijana wetu wa mafunzo alitetemeka usiku kucha. Wenzake walimnywesha maziwa, kama mafundi wafanyavyo kila mahali, lakini maziwa hayaondoi kilichoingia mapafuni. Homa hiyo kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili, naye aliamka salama. Dawa yake ni kusugua zinki yote kabla ya kuchoma, kufanya kazi penye upepo, na kuvaa kinga ya pua inayofaa. Miwani ya grainda karakana nzima ilikuwa moja, tukiivaa kwa zamu. Suala hilo lilikuwa halimo katika malalamiko yetu ya awali. Tukaliongeza.

Siku ya pili tulisafisha. Madigadi iliyotoka kwenye banda la kuku, mbali na uchafu wa kuku, ilikuwa na unga mweupe kuzunguka matundu ya bolti. Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu havipatani: alumini ndiyo inayoliwa. Kiwandani huvitenga kwa rangi na vizibo. Sisi tulisugua kwa brashi mpaka chuma safi, tukapaka praima ya alumini, na mahali bati linapokutana na ukuta wa chuma tukaweka ukanda tulioukata kwenye tyubu kuukuu ya tairi. Chini ya kila kichwa cha bolti tuliweka washa pana, na grisi kidogo. Alumini ni laini. Ukikaza kwa nguvu kama unakaza nati ya gurudumu, utaizamisha bolti ndani ya bati.

Siku ya tatu tulifunga. Siri, kama ni siri, ni kutokaza hata bolti moja kabla zote hazijaingia. Unaanza za ukutani, unafuata za fremu ya mbele, mwisho za chini, zote zikining'inia. Kisha unafunga boneti, unatazama mwanya kila upande, unasukuma kwa goti, unafungua, unafunga tena. Madigadi nyekundu ilikataa mara nne. Lile gari lilikotoka liliwahi kugongwa kidogo, nasi hatukuliona Ndeeba. Tuliinyoosha taratibu kwa nyundo ya mpira na kibao. Mwanya wa upande huo hadi leo unaingia kidole, na wa upande wa pili hauingii ukucha. Sikuridhika, lakini mvua ilikuwa inakuja.

Baada ya nyaya kuunganishwa upya tulisimamisha gari mbele ya ukuta wa ghala la mbolea baada ya jua kuzama, tukarekebisha taa zisiwapige watu machoni. Tulivirudisha pia vile vizuizi vya mpira nyuma ya magurudumu. Kitu kimoja hatukukiondoa: ngazi ya nyuma tuliyochomelea sisi wenyewe miaka ya nyuma, ili akina mama na wagonjwa wapande bila kuvutwa mikono. Hiyo haikutoka kiwandani, na meneja mpya aliuliza mbona tunaiacha ikiwa tunasema gari lirudi lilivyokuwa. Katibu alimwambia aipande halafu ashuke bila ngazi, achague.

Tulitundika shuka ya pili mahali pale pale, mita zile zile, mwendo ule ule. Tope lilifika magotini. Halikutobolewa.

Yaliyofuata

Barua ya Mzee ilifutwa mwezi wa Juni. Makato ya mwezi mmoja, ambayo ofisi ya mishahara ilikuwa imekwisha kuyatoa kabla ya mapatano, yalirudishwa baada ya kufuatilia kwa wiki saba. Mama yule alilipwa matibabu na siku alizokosa kuchuma, kwa wastani wa kilo zake za mwezi uliotangulia. Tawi liliomba alipwe na kwa ajili ya kovu. Hilo halikukubaliwa, tuliliandika katika kumbukumbu za mkutano, nalo limo. Miwani zililetwa nne, na kinga za pua sanduku moja. Sanduku likaisha mwezi wa Septemba, ikabidi tuanze kudai upya.

Sasa kamati ya usalama hukagua kila gari linapobadilishiwa kazi, na fundi na dereva hutia sahihi pamoja. Mara ya kwanza tulilikataa trela moja kwa sababu ya taa. Kulikuwa na kelele kidogo.

Mzee alistaafu mwaka 2020. Land Rover bado inatembea, madigadi moja kijani, moja nyekundu, kwani rangi iliahidiwa na haijafika. Zile mbili za chuma tuligawana na mlinzi wa ghala: ya kwanza tuliikata ikawa kinga ya mashine ya kunolea visu vya kupogolea chai, na ya pili ndiyo paa jipya la banda lake. Anasema ni zito, na upepo wa mwaka jana ulipong'oa mabati ya jirani, kuku wake hawakuamka.